Dokta Ludwig Krapf na Maneno ya Nyumbani

Kila nyumba ina vyombo vyake, na kila chombo kina jina lake. Hapa kwetu Nyashimo mtoto hakumbuki siku aliyojifunza jina la chungu, wala la ungo, wala la kinu na mchi, wala la mafiga matatu yanayobeba chungu motoni. Majina hayo aliyapata kwa mama yake, katika lugha ya nyumbani, kabla hajajua kuhesabu. Akiingia shuleni huyapata mara ya pili kwa Kiswahili, na hapo huyakuta yamekwisha pangwa katika kamusi, kila neno mahali pake na maana yake mbele yake. Labda atadhani ya kuwa maneno yale yalijipanga yenyewe. Sivyo. Yalikusanywa moja moja kwa taabu nyingi, kama mtu aokotavyo punje zilizomwagika chini. Mmoja wa hao waliotangulia katika kazi hiyo alikuwa Dokta Johann Ludwig Krapf, na habari zake ndizo hizi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala mgonjwa muda wa miezi sita. Mtoto mwingine angalijaza moyo wake uchungu na kungojea siku ya kulipiza kisasi. Yeye alijaza siku zile za kitandani kwa kusoma na kufikiri. Alipopona alitiwa katika shule ya mjini, akajifunza Kilatini, Kiyunani, na baadaye Kiebrania, na lugha nyingine za Ulaya. Toka hapo ikaonekana wazi ya kuwa Mungu amempa kipawa cha lugha.

Siku moja aliazimwa ramani ya bara la Afrika. Akaitazama, akaona upande wa mashariki, karibu na nchi ya Wasomali, majina ni machache na karatasi ni tupu. Akajiuliza kama nchi ile haina watu, au kama fisi ni wengi mno hata wasafiri hawawezi kupita. Ndivyo alivyowaza mtoto wa shule. Lakini mahali pale patupu katika ramani hapakumtoka moyoni. Alipokuwa mtu mzima alisomea kazi ya umisheni huko Basel, nchi ya Uswisi, na mwaka 1837 Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kikampeleka Uhabeshi.

Huko Uhabeshi alikaa miaka kadha wa kadha, akajifunza lugha za nchi, ikiwamo ile ya Waoromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Safari zao zilikuwa za shida. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani nyikani, kabla ya wakati wake, akafa siku ile ile. Wakamwita Eneba, na maana ya neno hilo katika lugha ya kule ni chozi. Hatimaye njia ya kuingia Uhabeshi ikafungwa. Basi Krapf akakata shauri kwenda kusini kwa njia ya bahari, apate mlango mwingine wa kuingia bara. Yeye na mkewe wakafika Unguja mwezi wa Januari mwaka 1844.

Siku zile Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Said, na bandari yake ilijaa merikebu za mataifa mengi. Merikebu za Marekani zilikuwa nyingi, hasa za mji wa Salem, kwa maana tangu mwaka 1833 Seyyid Said na serikali ya Marekani walikuwa na mkataba wa biashara, na tangu mwaka 1837 balozi wao, Richard Waters, alikuwa akikaa Unguja. Watu hao walileta nguo nyeupe nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mitambo katika jimbo la Massachusetts. Waswahili wakaiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Nguo hiyo ilisafiri kwa vichwa vya wapagazi mpaka bara, ikafika hata Unyamwezi na Usukuma, ikatumika kama fedha: shuka moja mikono minne, doti moja mikono minane. Nao Wamarekani walirudi kwao na pembe za ndovu, na ngozi, na sandarusi. Pembe zilichongwa vitana vya wanawake na vibao vya vinanda, na sandarusi ikafanywa rangi ya kung'arisha meza na viti. Hivyo mama wa Marekani alichana nywele kwa pembe ya ndovu wa Afrika, na mtu wa Usukuma alijifunga nguo iliyofumwa Marekani, na hakuna kati yao aliyemjua mwenziwe. Vyombo vya nyumbani husafiri mbali kuliko watu.

Krapf hakuja kutafuta pembe. Alipata barua ya Seyyid Said ya kumpa ruhusa kukaa katika nchi yake, akavuka mpaka Mombasa, akafika mwezi wa Mei mwaka 1844. Watu walimpokea kwa adabu. Akaanza kujifunza Kiswahili mara moja, na mwezi wa Juni, ingawa lugha ilikuwa ingali ngeni kinywani mwake, akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Ndipo homa ilipoingia nyumbani mwake. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Julai, na siku chache baada ya kujifungua homa ikamshika kwa nguvu. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hata akashindwa kuinuka kitandani amwangalie mkewe. Tarehe 13 Julai Rosine akafa. Mtoto naye hakukaa, akamfuata mama yake baada ya siku chache. Wakazikwa ng'ambo ya maji, upande wa bara, na kaburi hilo liko karibu na Mombasa.

Fikirini hali ya mtu huyu. Hakuwa hata na miezi mitatu katika mji ule. Hakuwa na ndugu, wala mwenzake wa kazi, na lugha ya kumweleza jirani huzuni yake alikuwa hajaijua sawasawa. Merikebu za kwenda Ulaya zilikuwapo, na kama angalirudi kwao hakuna ambaye angalimlaumu. Hakurudi. Aliandikia chama chake ya kuwa sasa wamekwisha pata kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba jambo hilo ni alama ya kazi kuanza. Kisha akashika tena kalamu.

Kazi yenyewe ilikuwa namna gani? Siku zile Waswahili walikuwa na maandishi yao kwa herufi za Kiarabu, tena walikuwa na tenzi na barua na hesabu za biashara. Lakini kamusi ya Kiswahili iliyopigwa chapa haikuwako. Krapf alianza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu, akisikiliza neno na kuliandika, akiuliza maana na kuiandika, kisha akiuliza kwa mtu mwingine asije akapotea. Mwalimu wake mmoja alikuwa Sheikh Ali bin Muhidini, kadhi wa Mombasa, mtu mwenye elimu, aliyemsaidia katika tafsiri. Kadhi huyu alikuwa Mwislamu, na Krapf mwalimu wa Kikristo. Hawakupatana katika dini, lakini walikaa pamoja juu ya kazi ya lugha. Jambo hili lakumbukwa kwa heshima.

Mgeni anayejifunza lugha huona mambo yasiyoonekana na mwenyeji. Neno mbuzi, kwa mfano, ni mnyama achungwaye malishoni; lakini watu wa pwani wana mbuzi mwingine asiyekula majani, naye ni kile chombo chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Neno kata ni kichwa cha kibuyu au kifuu cha nazi chenye mpini, cha kutekea maji mtungini. Na kata ni pete ya majani au ya nguo awekayo mwanamke kichwani chini ya mtungi. Tena kata ni amri ya kukata kwa kisu. Chungu ni chombo cha kupikia, na chungu ni wadudu wadogo, na chungu ni ladha ya dawa. Mwenyeji hachanganyi mambo hayo hata kidogo, kwa kuwa aliyazoea tangu utoto. Mgeni hana budi kuyachambua moja moja kama mchele katika ungo. Na hata mchele wenyewe una maneno mawili, maana watu wa Mombasa huuita mtele, na wa Unguja mchele. Kwa sababu hiyo mwenye kukusanya maneno hawezi kukaa chumbani peke yake. Sharti atoke, aende jikoni, na kisimani, na sokoni, na pale wanapounda vyombo vya bahari, akaulize kila kitu chaitwaje na chafanya nini.

Tena chombo hakitoshi kujulikana kwa jina lake tu. Watu hutwaa vitu vya nyumbani wakavitia katika mithali zao, na asiyejua kitu hatajua mithali. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne ni pishi moja. Asiyekijua kibaba ataelewaje ya kuwa haba na haba hujaza kibaba? Figa ni jiwe la jikoni, na kila mpishi ajua ya kuwa figa moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo wazee huutumia usemi huo kwa mtu anayekataa msaada wa wenziwe. Kamba ya kisimani ni laini na ukingo wa kisima ni mgumu, lakini papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hekima ya watu wasio na vitabu imewekwa akiba katika vyungu, na kamba, na mafiga yao. Krapf alilifahamu jambo hili, akawa anaandika si maneno matupu tu, bali na namna watu wanavyoyasema, na desturi zilizofungamana nayo. Kwa hiyo kamusi yake yasomeka mahali pengine kama habari za nyumba za Mombasa za wakati ule.

Sehemu ya kwanza ya kazi yake kupigwa chapa haikutokea Ulaya. Sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wenye elimu ya lugha za Mashariki. Basi njia ile ile ya bahari iliyoleta merikani Unguja ilichukua maneno ya Waswahili mpaka Marekani.

Mwezi wa Juni mwaka 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Miezi miwili baadaye wote wawili, hali wana homa, walikipanda kilima cha Rabai pamoja na punda wao mmoja, wakajenga kituo chao kati ya Warabai. Watu waliobatizwa walikuwa wachache sana. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mgonjwa aliyelemaa. Lakini kutoka Rabai wamisionari hawa walisafiri bara. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona mlima Kenya. Wataalamu kadhaa wa Ulaya, waliokaa vitini mwao, walikana ya kuwa theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Baadaye ikajulikana ya kuwa waliokwenda kwa miguu ndio waliosema kweli. Mwaka 1850 Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kitabu cha maneno ya lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigala.

Mwaka 1851 alisafiri tena Ukamba, akiwa mgeni wa Kivoi, mkuu na mfanya biashara mashuhuri wa Wakamba. Walipokuwa wakiukaribia mto Tana wanyang'anyi wakawashambulia. Kivoi akauawa, wenziwe wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini pasipo chakula. Alipofika mtoni akanywa, lakini hakuwa na kibuyu wala mtungi wa kuchukulia maji. Akajaza maji katika ala ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki yake, akaziba kwa majani. Ala ikavuja, na vichaka vikazing'oa zile ziba za mitutu, maji yote yakamwagika. Akatembea usiku na kujificha mchana, kiu ikamshika karibu ya kufa. Akasikia kelele za nyani, akafuata sauti zao, akaona mahali walipofukua mchanga wa mto mkavu wakapata maji. Naye akanywa pale. Alipofika kijijini kwa Kivoi jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao, na maisha yake yakawa hatarini, akatoroka. Huko Rabai habari zilikuwa zimekwisha fika ya kuwa amekufa. Mtu huyu aliyeandika majina ya vyombo vyote vya maji alijifunza porini thamani ya kibuyu kimoja.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imeharibika, akarudi Ujerumani, akakaa Kornthal, karibu na mji wa Stuttgart. Rebmann na mwenziwe Jakob Erhardt waliendelea kuuliza wasafiri habari za bara, na mwaka 1856 ramani waliyoichora kwa habari hizo ikatolewa. Ndani yake waliweka ziwa moja kubwa mno, la umbo kama konokono asiye na gome. Umbo halikuwa sawa, maana walikuwa wameunganisha maziwa mengi kuwa moja. Lakini ramani ile iliwaamsha watu wa London, na Burton na Speke wakatumwa kuchungua. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa letu karibu na Mwanza. Ghuba ile iliyo mbele yetu hapa Nyashimo, wanakovua baba zetu, katika ramani yaitwa kwa jina la Speke. Lakini swali lililomleta lilianza kwa wale wauliza maneno wa Rabai.

Krapf alirudi Afrika Mashariki mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, kisha akarudi tena kwao. Kamusi bado haijaisha. Miaka ikapita, naye akaendelea kusahihisha. Mwaka 1875 Rebmann alirejea kutoka Rabai baada ya kukaa miaka ishirini na tisa. Alikuwa kipofu, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Akakaa Kornthal karibu na rafiki yake, akafa mwaka uliofuata. Maneno aliyoyakusanya Rebmann yaliingia pamoja na ya Krapf katika kitabu kimoja.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amekufa chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ilitolewa London mwaka 1882. Hakuishika mkononi. Miaka thelathini na minane ilikuwa imepita tangu alipoandika neno lake la kwanza Mombasa.

Sasa tuipime kazi yake kwa haki. Wanafunzi wa leo hawaandiki kwa tahajia yake. Tena yeye alitegemea zaidi Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambapo Kiswahili cha shule na vitabu kilijengwa juu ya Kiunguja. Maana nyingine alizozitoa zilisahihishwa na waliomfuata. Lakini waliomfuata, kama Madan na Johnson, walifungua kamusi yake kila walipotunga zao, kwa maana maneno mengi ya nyumba za kale yangalipotea kama yeye asingaliyaandika. Anayejenga ukuta hawezi kulidharau jiwe la msingi kwa sababu halikuchongwa vizuri.

Tena tusisahau walimu wake. Krapf hakuyatunga maneno yale. Kadhi wa Mombasa, na wanawake wa jikoni, na mabaharia, na Warabai na Wakamba, hao ndio waliokuwa na mali hiyo. Yeye aliiomba, akaihifadhi. Hivyo kamusi ni chungu kilichokaa juu ya mafiga mengi.

Nanyi wanafunzi, katika nyumba zenu viko vyombo ambavyo bibi na babu wanavijua kwa majina, nanyi mmeanza kuvisahau, kwa kuwa sufuria na ndoo za dukani zimechukua mahali pao. Ziko na mithali za Kisukuma zisizoandikwa katika kitabu chochote cha shule. Krapf alivuka bahari, akafiwa na mke na watoto, akapata kiu ya mauti, ili aandike majina ya vitu vya nyumba za wengine. Ninyi hamna haja ya kuvuka hata kijito. Chukueni kalamu na daftari, mkawaulize wazee kwa adabu, mkaandike.

Maswali

1. Krapf alifanya nini alipokuwa mgonjwa katika utoto wake?
2. Nguo ya merikani ilitoka wapi, na Wamarekani walichukua nini badala yake?
3. Kwa nini mtu asiyejua kibaba hawezi kuifahamu mithali ya haba na haba?
4. Eleza jinsi Krapf alivyopata maji baada ya kifo cha Kivoi.
5. Andika majina ya vyombo kumi vya nyumbani kwenu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na kazi ya kila kimoja.